Ng'ombe Waliokuwa Kwenye Chungu

Sonara mmoja wa mjini Mwanza aliwahi kunishikisha hereni zenye jiwe la tanzanaiti, akanisifia kwamba buluu inanipendeza. Nilizirudisha kabla hajamaliza maneno. Yeye hana kosa. Ila mimi jiwe lile nililiona likigeuka buluu, na tangu siku ile nalichukia kama mtu aliyenikosea.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, Nyakato. Mageuzi ya uchumi yalipokuja akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, wakarudi majumbani mchana kweupe na vyombo vyao vya chakula. Tulichobaki nacho ni ng'ombe wa mahari ya dada yangu, waliokuwa wakichungwa kwa babu, karibu na Bujora. Ng'ombe wa mahari hawauzwi ovyo. Ndoa ikivunjika, hao ndio wanaorudishwa ili binti arudi kwao. Bila ng'ombe, habanduki. Baba alilijua hilo kuliko mimi. Akawauza wote, akaenda Mererani kuchimba tanzanaiti. Mama alimwambia, "Umemuuza mtoto mara ya pili."

Alirudi baada ya miaka, amekonda, anakohoa, na kijiwe kimoja cha kahawia ndani ya kitambaa. Tulikitazama, tukaona kokoto za mlangoni kwetu zina sura nzuri kuliko kile. Akatueleza kwamba mengi ya mawe haya hutoka ardhini hivyo, na huchomwa ndipo yageuke buluu. Unalizika kwenye chungu cha majivu, chungu unakiweka kwenye makaa, moto unapanda polepole. Kisha, na hili alilirudia, unaliacha lipoe humo humo hadi kesho yake. Likipata baridi ghafla, linapasuka.

Juma lile lile dada alivuka na feri kutoka kwa mumewe Busisi hadi Kigongo, akafika nyumbani jicho limevimba, mkono kaufunga kwa khanga.

"Baba, sirudi. Ataniua."

"Hurudi, mwanangu. Ng'ombe wao wapo."

Nilimwamini. Linaloniuma ni kwamba alikuwa karibu kusema kweli.

Jumapili asubuhi akainjika chungu. Alasiri, makaa bado mekundu, shemeji akatokea na baba yake mdogo. Tulisalimiana vizuri, shikamoo, marahaba, viti vikatolewa. Mila ni mila, hata kwa mtu anayempiga dada yako.

"Mzee mwenzangu," alisema yule baba mdogo, "tumemfuata mke wetu. Kama hataki, tuonyeshe ng'ombe, tuondoke nao."

"Ng'ombe wamo kwenye chungu hicho," Baba akajibu. "Njooni kesho."

Wakacheka. Shemeji alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akamwita dada afungashe.

"Waache wacheke," Mama akasema. "Usikiguse."

Baba alivumilia vumbi na giza la shimoni, lakini kicheko kilimshinda. Akachukua koleo, akalitoa jiwe majivuni, akaliweka kwenye sahani ya bati.

Lilikuwa buluu. Naapa lilikuwa buluu kama wino mpya, hata shemeji akaacha kucheka. Kisha likalia, tik, tukaona ufa. Likalia tena. Kwenye sahani vikabaki vipande vidogo kama chumvi ya mawe.

Yule baba mdogo aliinuka kwa heshima, akasema feri haimsubiri mtu. Dada alijifunga khanga, akaokota kipande kimoja, akakitazama juani.

"Kizuri, baba," alisema, akakirudisha.

Kizuri! Ningekuwa mimi, ningemrushia sahani nzima. Dada yangu alikuwa na moyo ambao Baba hakustahili.

Mvua za mwaka uliofuata hazijaanza, tukaitwa Busisi kumzika. Walisema aliteleza kisimani. Sikuamini wakati ule, na siamini leo. Tulipomaliza kumfukia, Baba alisimama mbele ya watu, akauliza suala la ng'ombe sasa linakuwaje.

Yule baba mdogo wa shemeji akamshika mkono, akamwambia kwa upole asiwe na wasiwasi: mke akishafia kwa mumewe, ng'ombe hawadaiwi.