Nyimbo Tano za Jagat Barnwal

Jagat Barnwal, muuza kalakandi, vile vitamu vya maziwa, wa Bansitola, alikuwa mtu mpole mpaka mtu azungumze wimbo ukiwa unapigwa. Na Bansitola walizungumza. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akituma postikadi redioni kuomba nyimbo za filamu, tatu nne kila wiki, na kila jina lake liliposomwa duka zima lililipuka. Huyu anampiga mgongoni, yule anamwita fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara aje asikie, na mpaka watulie wimbo umeshafika ubeti wa pili. Kulikuwa na nyimbo alizoziomba mara thelathini na hakujua zinaanzaje.

Lakini tusidanganyane, jina ndilo walilokuwa wakilitafuta. Mji mzima ulikuwa na ugonjwa huo. Posta moja, sinema moja yenye paa linalovuja, na bado nusu ya India iliijua Bansitola kwa sababu ya wingi wa kadi zake. Mtu aliomba wimbo unaovuma wiki hiyo, maana huo ndio ulikuwa na uhakika wa kupigwa, kisha chini yake akapanga majina: lake, la mkewe, la watoto, na la kila mwanachama wa chama cha wasikilizaji. Kama wimbo wenyewe aliupenda au hakuupenda, hakuna aliyemuuliza.

Ndipo ikaja barua. Redio ilikuwa imeanzisha kipindi kipya cha Jumapili mchana: kila mwezi msikilizaji mmoja wa siku nyingi angechagua nyimbo tano anazozipenda kuliko zote alizopata kuzisikia maishani, na zote zingepigwa. Mwezi huu ilikuwa zamu ya Jagat Barnwal. Orodha ifike kabla ya tarehe ishirini, na majina yasizidi mawili.

Jagat aliisoma akiwa amesimama, akaimalizia akiwa amekaa juu ya gunia la sukari. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haja ya kubahatisha watapiga nini. Alichoandika ndicho kitakachosikika. Alitaka, kabla hajafa, nchi ijue kwamba yule muuza vitamu wa Bansitola ana masikio. Nafasi ilikuwa hiyo moja tu, na wenzake walikuwa wameshaipigia hesabu zao.

Sukhdeo Lohani, katibu wa chama, alikuwa pia karani wa posta, kwa hiyo habari za barua ile alizijua kabla ya mwenyewe. Jioni hiyohiyo alikuja na orodha iliyokwisha kuandikwa.

"Kaka Jagat, tumekupunguzia kazi. Wewe tia saini tu."

Zilikuwa nyimbo tano za mwaka ule, na majina kumi na manne. Jagat akamwonyesha pale barua iliposema mawili.

"Andika yote," Sukhdeo akasema. "Wakisoma mawili, hasara yao."

"Sukhdeo, barua inasema mawili."

"Na sisi tulipokuwa tunakuandika kwenye kadi za chama, tulihesabu mawili?"

Hapo akaketi na kuomba kalakandi. Kwa siku nne hakukukalika. Munnilal kinyozi alitaka wimbo wa filamu fulani kwa sababu tu aliilia, akamweleza Jagat filamu yote tangu mwanzo huku mteja wake akimsubiri na sabuni shavuni. Mama yake Jagat alituma ujumbe kutoka ndani kwamba wa kwanza lazima uwe wa kumsifu Krishna, la sivyo jambo lenyewe halitakuwa na baraka, na siku ya pili akatuma ujumbe uleule kana kwamba hakuwahi kujibiwa. Hata mtu aliyekuja kununua robo kilo, ambaye Jagat hakumfahamu wala kumwona tena, alitoa maoni yake juu ya wimbo wa tatu. Maziwa yakaungua kwenye karai mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu enzi za baba yake. Siku ya tano uvumilivu ukamwishia. Akaweka mwiko chini.

"Sikilizeni. Miaka ishirini na sita nimeomba nyimbo zenu. Hizi tano ni zangu. Mwenye zake, posta iko wazi, na karani wake tunamjua."

Sukhdeo akaondoka bila kugusa kalakandi yake, na hilo nalo halikuwahi kutokea.

Jagat akafunga duka mapema, akakaa na kalamu. Nne za kwanza zilikuja zenyewe. Mmoja baba yake aliuimba puani akikoroga maziwa, akikosea maneno palepale kila siku. Mwingine aliusikia akiwa kijana nje ya ukuta wa sinema, bila tiketi, na tangu hapo hakuwahi kuitazama filamu yenyewe, asije akauharibu. Wa tatu ulikuwa wa mwimbaji aliyeimba nyimbo mbili tu maishani, akapotea. Wa nne aliupenda kwa ajili ya filimbi iliyo katikati, na haya yakamshika kidogo, kwa sababu maneno ya wimbo huo yalikuwa ya kijinga.

Wa tano akasita. Majina ni mawili, na la pili lilikuwa la mkewe siku zote. Kadi zote zile ziliandikwa "Jagat na Kamlavati". Akamwita, akamuuliza yeye anapenda wimbo gani.

Kamlavati alikuwa anachagua mawe kwenye dengu. Hakuinua kichwa.

"Si unaujua. Mji mzima unaujua. Ule wa treni."

Jagat akafurahi. Wimbo wa treni ndio aliouomba kwa jina la mkewe mwaka waliooana, ukasomwa, ukapigwa. Tangu siku hiyo, kwenye kila harusi, wanawake wa Bansitola walimzunguka Kamlavati wakamwimbia wimbo huo huku wakipiga mluzi wa treni. Akasema basi anauandika.

"Andika uone," Kamlavati akasema. Sasa aliinua kichwa. "Baba Malti, wimbo ule unanitia kichefuchefu. Miaka ishirini na sita watu wananipigia mluzi masikioni, nami nacheka, nitafanyaje? Wewe uliniuliza mwaka ule, nikakutajia wangu. Ukasema huo wa zamani, hautapigwa, utapoteza kadi. Ukaandika treni, ukatia jina langu."

Jagat hakukumbuka. Hilo ndilo lililomuumiza, kwamba hakukumbuka hata kidogo. Alikumbuka mtangazaji alivyolitamka jina.

"Wimbo gani?" akauliza, polepole.

"Ule wa kuigombeza mvua."

Uso wa Jagat ukang'aa. Aliujua, aliujua vizuri sana. Palepale akaitaja filamu, mwaka, aliyetunga muziki, na studio ulikorekodiwa. Akaandika yote, na mwimbaji juu yake, na pembeni akaandika kwamba wimbo wa tano umechaguliwa na Kamlavati Devi peke yake. Akakimbilia posta huku wino haujakauka, na Sukhdeo akagonga muhuri bila kumtazama.

Jumapili ile duka lilijaa mpaka barabarani. Sukhdeo naye alikuja. Alisema amekuja kusikia makosa. Jagat alisimama mbele ya redio na mwiko mkononi, akatangaza kwamba atakayefungua mdomo atatoka nje, awe nani. Wakanyamaza. Wimbo wa kwanza ukapigwa wote, wa pili ukapigwa wote, na filimbi ya wa nne ikaja, watu wasio na subira ya kusikiliza chochote wakasikiliza. Munnilal akafuta macho. Mama mzee, aliyekosa Krishna wake, alitikisa kichwa kwa mdundo. Jagat alijiona mtu.

Kisha mtangazaji akasema wimbo wa mwisho ni wa Kamlavati Devi wa Bansitola, ameuchagua mwenyewe. Wanawake wakamgeukia. Kamlavati alikuwa amekaa juu ya kigoda kando ya karai, mikono imetulia magotini, jambo ambalo Jagat hakukumbuka kuliona saa ile ya mchana. Ala zikaanza. Halafu sauti ya mwanamume ikaanza kuigombeza mvua.

Kamlavati akasikiliza mpaka mwisho, hakukunja hata uso. Watu walipoanza kupiga makofi, Jagat akamwinamia na kumuuliza ameuonaje.

"Mzuri," akasema. "Lakini katika filamu unaimbwa mara mbili. Mwanamume anauimba njiani, mwanzoni. Mwanamke anauimba nyumbani, mwishoni, paa linavuja. Mimi nilitaka wa mwanamke."

Jagat akafungua mdomo. Hakuna mtu wilaya nzima asiyejua kwamba wimbo huo uko mara mbili, na yeye ndiye aliyewafundisha. Akaanza kusema kwamba ule wa mwanamume ndio wenye santuri, ndio watu wanaousifu, kwamba alidhani...

"Hukuuliza," Kamlavati akasema, akainuka na kuchukua mwiko mkononi mwake. "Usijali, Baba Malti. Jina langu wamelisoma vizuri."