Jembe la Fundi Lumbu na Jembe la Kiwandani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka chai hainishuki. Imenirudia Jumapili baada ya ibada, niliposikia wewe na wenzako mnaoshona nguo pale mtaa wa Troyeville, huku ugenini, mkimtukana yule mama aliyemnunulia binti yake gauni la harusi dukani, lililoshonwa kiwandani, badala ya kuwaletea ninyi kitambaa. Mlimwita msaliti. Nilinyamaza, maana lifti ya jengo letu la Berea imekufa tena na nilikuwa nawaza zile ngazi. Moyo ndio haukunyamaza. Shule niliishia darasa la pili, basi herufi zikipinda nisamehe.

Baba yangu alikuwa mhunzi kule Kongo, upande wa Kalemie, kijiji kisicho mbali na reli. Bonde zima lililima kwa majembe yake. Kila jembe alilichora mistari mitatu shingoni, na mtu akiiona alisema, hili la Fundi Lumbu. Hakuna aliyemwita bila hilo neno Fundi. Mimi nilikuwa kijana wa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto, na mivukuto ile ya ngozi ya mbuzi ina harufu ambayo wasichana hawaitaki. Feza peke yake hakujali, ndiyo maana nikataka kumwoa.

Kwetu mahari hayakutimia bila majembe. Baba aliyafua mwenyewe, akayapaka mawese yang'ae, tukaenda. Baba yake Feza, Mzee Mulamba, akashika moja, akalipima mkononi, akalirudisha mkekani.

"Fundi, tusikosane," alisema. "Siku hizi treni inaleta majembe ya kiwandani. Ni mepesi, tena yana chapa. Mume wa dada yake Feza aliniletea hayo. Huyu alime na hili, wenzake wamcheke?"

Nikaropoka. "Mchagua jembe si mkulima, Mzee. Hayo ya kiwandani yatavunjika kabla mvua hazijaisha."

Watu wakaangalia chini. Mzee Mulamba akamgeukia baba. "Na huyu ndiye atakayenitunzia mtoto?"

Baba akaomba radhi kwa niaba yangu, kisha akaomba aazimwe jembe moja la kiwandani. Nikafurahi, nikidhani anakwenda kuwaaibisha.

Nyumbani alipita moja kwa moja hadi penye changarawe nyuma ya tanuri. Akalima na lake. Makali yakakunjika kama sikio la mbwa. Akashika la kiwandani. Likaingia ardhini, likatoka, likaingia tena, na baba akaendelea kulima mpaka nikaona haya kumtazama.

"Papa, hilo letu umelipiga chini kwa nguvu zaidi," nikasema.

"Nimeyapiga sawasawa."

"Lakini letu limefuliwa na mtu tunayemjua."

"Mkulima anakula mtu? Anakula muhogo." Akafuta jasho. "Chema chajiuza, mwanangu. Umenitetea kwa uongo mbele ya watu, sasa uongo wako unakukosesha mke. Kesho utarudi kwa Mzee Mulamba, utapiga magoti."

Nilirudi, nikapiga magoti, nikasamehewa. Ila majembe ya chapa aliyataka vilevile. Baba akazima tanuri, akaenda kuomba kazi kwenye karakana ya reli ili tupate pesa ya kuyanunua. Mtu aliyejua kulitoa jembe zima kwenye kipande cha chuma, walimpa kazi ya kukaza nati. Kutwa nati. Honi ikilia anaanza, ikilia anaacha. Wakamvika kibati chenye namba.

Siku moja nilimpelekea chakula. Msimamizi, kijana wa rika langu, alikuwa anapiga kelele: "We kibati, umelala?"

"Hapana, bwana," baba akaitika.

Aliniona. Tulipokuwa tunarudi alisema neno moja tu: "Nilikwambia jembe lao ni zuri. Sikukwambia wao ni wazuri."

Nikamwoa Feza. Alilima na majembe yale miaka mingi, na yalikuwa mazuri kweli, eish, hilo ndilo linaloniuma. Baba hakufua tena. Alipokufa, karakana walimtuma mtu kuja kudai kibati chao. Pole hakuleta.

Basi, mwanangu, usimtukane yule mama. Gauni lile, yule mama alipowaonyesha, uliligeuza ndani nje, nilikuona, ukatafuta mshono mbaya ukakosa. Usijidanganye kwamba cherehani yako ni salama kwa sababu unaipenda. Baba aliipenda nyundo. Na ukilazimika kwenda kiwandani kushona kola tu kutwa nzima, nenda, njaa haina heshima. Ila usiwaamini kwa sababu vitu vyao ni imara. Siku ya kwanza jifunze jina la aliye kulia kwako na la aliye kushoto, na mwenzako akiitwa kibati, nyanyukeni pamoja mseme ana jina. Karakana ile ilikuwa imejaa watu, wote walisikia, na kila mmoja aliinamia nati yake. Hata mimi nilishika bakuli nikanyamaza. Mashine ilitunyang'anya kazi. Ule unyamavu tuliutoa wenyewe.

Mungu akulindie macho na vidole, mwanangu. Akupe mkate usioulilia chozi, na penye kazi ngumu akupe wenzako wasioinama. Amina.