Ukoko Kwenye Ncha ya Sindano

Kila asubuhi kabla ya chai mama mdogo alikata kucha. Hata zikiwa hazijaota alipitisha wembe tu. "Mikono hii inashika vitu vinavyoingia ndani ya watu," alisema.

Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya chumba cha upasuaji. Alichokichukia kuliko vyote ni sindano ya kuchomea uvimbe wa ini. Ni ndefu, na ndani yake hupita maji baridi. Alinieleza vizuri: umeme unapasha nyama moto, maji yanapoza ncha, uvimbe unaiva taratibu bila kuungua. Maji yakikwama, nyama inashika kwenye ncha kama ukoko wa sufuria.

Pakiti ilisema itumike mara moja, itupwe. Pale hospitalini waliiosha wakaitumia tena. Yeye ndiye aliyekwangua ukoko wa watu kwa mswaki, akirudi nyumbani hagusi nyama. "Inanuka kama nyama yoyote," aliniambia. "Hapo ndipo kinyaa kinaponishika."

Siku moja alisukuma maji ndani ya sindano, yakagoma. Akakaza mkono. Ukatoka uzi wa ute wa kijani, kama makamasi, kisha basi, pakaziba kabisa.

Akampelekea daktari, aliyekuwa mlangoni anatafuna mkate.

"Maji hayapiti, daktari. Na ndani imeoza."

"Mama Sabuni! Umekuwa injinia lini?"

Nesi aliyekuwa kando yake akacheka.

"Mtamuunguza mzee wa watu."

"Ichemshe, ulete. Mzee keshalala mezani."

"Si ziko mpya kabatini?"

"Zile ni za kliniki yangu. Usinipangie."

Makombo ya mkate yalikuwa yamemganda mdomoni. Mama mdogo akarudi kwenye sinki. Akaigandamiza sindano kwenye ukingo wake, akaikunja ikawa kama ndoana.

"Haya, chemsheni hiyo."

"We mwanamke una wazimu! Utakula nini?"

"Chochote, daktari, ila si hiki."

Daktari akatukana. Mama mdogo hakubanduka mpaka aliposikia kabati linafunguliwa na pakiti mpya inachanwa. Ndipo akavua aproni, akaitupa kwenye pipa la taka, akatoka kwa mlango mkubwa wa mbele, ule wa wagonjwa. Viatu vyake vya kuendea nyumbani alikuwa ameviacha kule ndani. Hakuvirudia, wala kazini hakurudi tena.