Ngazi za Mbele za Kina Faulkner

Tumemzika Ekundayo Pratt wiki hii, na kaburini kila mtu alisema yaleyale: seremala hodari, ila kichwa kigumu. Uhodari sibishi. Hicho kichwa kigumu nakisimulia mimi Yewande, kwa sababu mkono wangu umo, na nimechoka kunyamaza.

Nyumba ya kina Faulkner ilitazamana na kibanda changu cha maji ya tangawizi. Chini mawe mekundu, juu mbao tupu, paa la mteremko mkali lenye kidirisha kimoja cha darini. Ilijengwa enzi za Malkia Victoria, Freetown yetu ikiwa bado ndogo, na aliyechonga zile mbao ni baba wa babu yake Ekundayo, tuliyemwita Dayo. Alizipachika ulimi kwa ulimi, ubao ndani ya ubao, misumari ya kuhesabu. Milango ilikuwa miwili. Wa juu, unaopandiwa kwa ngazi kumi na moja za mawe, ulikuwa wa wageni wa heshima. Wa chini wa wachuuzi, mafundi na sisi wengine.

Dayo alimpenda Remilekun, binti wa nyumba ile, na binti alimpenda, asije mtu akanidanganya. Basi ndugu zake Dayo wakabeba kibuyu cha posa, sisi majirani nyuma tunaimba. Mnajua mambo yetu: unabisha, unasema umekuja kuchuma ua, wenyewe wanakukatalia, wanakutolea bibi kizee, "Ua lenyewe ndilo hili?", mnacheka, mpaka mwisho analetwa mwenyewe. Tukapanda ngazi, tukabisha. Mzee Faulkner, baba yake binti, akafungua, akamtazama Dayo kuanzia viatu.

"Mafundi hupitia chini," akasema, akafunga.

Tukacheka mpaka tukashikana mbavu! Tulidhani ndiyo mchezo umeanza. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Tukabisha tena, na tena. Dayo peke yake hakucheka. Alishuka, akakiweka kibuyu kwenye ngazi ya chini, akaenda zake.

"Ngazi zile sizikanyagi tena," aliniambia, "mpaka wenyewe waseme nipite mbele."

Hakuoa. Remi naye hakuolewa. Miaka arobaini wakisalimiana kanisani kwa kutikisa kichwa. Mzee Faulkner akafa, Remi akabaki peke yake na nyumba, na mvua za huku haziulizi mtu ana nani. Dayo alitengeneza kila nyumba ya mbao mtaani isipokuwa ile. Lakini akija kwangu kunywa tangawizi, macho yote kule.

"Yewande, unaona dirisha la kushoto halifungi?"

"Dirisha bovu hilo."

"Dirisha zima! Nguzo ya pembeni ndiyo inazama, imeliwa na mchwa. Siku mbili za kazi, tena ya ndani, hata mvua inyeshe."

"Si uende basi! Mzee mzima unanuna kama mtoto aliyenyimwa wali."

"Nipite wapi?"

Remi akanituma. "Mwambie aje." Nikamwambia. "Nipite wapi?" Nikarudi. "Mwambie hata dirishani apite, nyumba inalia." Dayo akajibu, "Mwambie mimi si paka." Kiburi huku, kiburi kule, na mimi katikati na goti langu bovu.

Agosti, siku ya Alhamisi, mvua imepumzika kidogo, Remi akaniita tena. Alikuwa ameshika ufagio.

"Yewande, mwambie Dayo apite mbele. Ngazi nimeshazifagia."

Sasa niseme ukweli. Niliporudi kibandani nilikuta sufuria yangu imechemka ikamwagika yote, kazi ya asubuhi nzima. Nilimfuata Dayo karakanani nikiwa nimefura.

"Mtu wako anakuita."

Akaacha randa. "Nipite wapi?"

"Kamuulize mwenyewe! Mimi si tarishi wenu!"

Nikaondoka. Neno lilikuwepo mdomoni, nikalimeza kwa hasira tu. Nikajisemea, kesho nitamwambia. Kesho yake ikanyesha kutwa, goti likauma, nikakaa ndani. Jumamosi vilevile.

Jumapili, tukiwa ibadani, nyumba ikalala ubavu. Remi alikuwa kwenye kwaya, namshukuru Mungu. Tulipofika, mbao zimelundikana juu ya mawe mekundu, kidirisha cha darini kiko barabarani na kioo chake kizima. Ngazi zimesimama vilevile, safi.

Dayo akapita katikati yetu na suti yake ya kanisani. Akapanda. Moja moja, mpaka ya kumi na moja, akasimama pale ulipokuwa mlango. Akavua kofia.

"Nilikungoja Alhamisi mpaka giza likaingia," Remi akasema kutoka chini.

Dayo akageuka. "Uliniambia lini nipite mbele?"

"Si nilimtuma Yewande?"

Wakanitazama wote wawili. Nilitaka kusema goti, nilitaka kusema sufuria, nilitaka kusema mvua. Laiti Dayo angenitukana! Matusi ningeyabeba. Alikaa tu pale juu, akalipapasa jiwe kwa kiganja, akanitazama bila hasira yoyote.

"Siku mbili za kazi, Yewande," akasema. "Siku mbili tu."