Acteur Aliyechoka Tu

Jirani yangu akiwasha jenereta, harufu ya petroli ikaruka ukuta na kukutana na harufu ya karanga za kukaanga, mimi huwa siko tena nyumbani kwangu. Niko mtaani Ndosho, nina miaka minane, nimekaa kwenye benchi la ubao ndani ya ukumbi wa video, Jumapili baada ya misa, miguu ikining'inia juu ya mawe meusi ya volkano.

Filamu zilikuwa za farasi na bastola, kanda kuukuu zilizotengenezwa na watu ambao, naona sasa, hawakuwa na kitu. Jiwe lilelile lilipitwa mara tano katika safari moja. Jambazi aliyeuawa asubuhi alirudi mchana akiwa na ndevu. Mlango wa baa ukifungwa kwa nguvu, ukuta mzima ulitikisika. Sisi hatukuona kasoro. Nyumba zetu za mbao nazo zilitikisika hivyo hivyo.

Aliyetutafsiria ni Papa Paluku, fundi redio, aliyesimama kando ya televisheni na fimbo yake. Kiingereza hakukijua, lakini maneno hayakumwishia. Na nyuma yangu alikaa Mama Sifa, muuza karanga, mwanamke asiyeweza kutunza siri hata ya sinema: filamu haijafika katikati, yeye ameshatangaza nani atakufa.

Mwaka ule baba yangu alikwenda Vitshumbi kununua samaki wa chumvi, na nyuma yake barabara ikafungwa kwa vita. Wiki zikapita bila habari. Mama aliacha kuimba akipika. Mtaa mzima ulijua. Mimi sikuuliza kitu, maana niliogopa jibu.

Ndipo nikaiona kanda moja waliyoipenda sana pale. Acteur, ndivyo tulivyomwita shujaa, anawaaga mkewe na binti yake mlangoni, anakwenda kuwafuata wezi wa ng'ombe. Mwishoni anapigwa risasi na kuanguka kando ya lile jiwe letu. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Papa Paluku alinitazama, akakohoa.

"Hajakufa," akasema. "Amechoka tu. Mutu atoke Beni mpaka huku juu ya farasi, asilale?"

Wakamfunika blanketi mpaka kichwani.

"Ni juu ya baridi. Kule baridi inapita ya Masisi."

Wanaume wawili wakaja na majembe, wakaanza kuchimba.

"Majirani wanamulimia shamba, yeye apumuzike kwanza."

Hakuna aliyecheka. "Njo vile, apumuzike," waliitikia wanaume wazima. Siku ile nilikula vizuri, nikalala. Nikawa naiomba kanda hiyo kila wiki, nao wakaniwekea. Jumapili saba acteur alichoka, na Jumapili saba nililala.

Kisha baba akarudi juu ya lori la makabichi, amekonda, bila samaki hata mmoja. Jumapili nilimvuta mkono hadi ukumbini nikamkalisha kando yangu, amwone mwenzake. Acteur akaanguka. Papa Paluku alimtazama baba kwa muda, akashusha fimbo.

"Amekufa," akasema taratibu. "Mungu amupokee."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mimi nilikasirika vibaya sana. Njia nzima nilimlalamikia baba: "Papa, leo ametafsiri mubaya. Ule mutu hakufaka." Yeye alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipotambua kwamba kanda ile ilikuwepo ukumbini kabla baba hajasafiri. Wote walijua mwisho wake. Acteur walikuwa wameshamzika mara nyingi. Namshukuru Papa Paluku. Nawashukuru hata wale maskini wa filamu waliomwacha marehemu apepese kope chini ya jua, maana hilo lilimsaidia sana mtafsiri. Lakini wa kushukuriwa kupita wote ni Mama Sifa. Jumapili zote saba alikaa nyuma yangu, anajua, na alitafuna karanga zake kimya.