Sebineza na Mameya wa Buffalo

Ukitaka kumjua Sebineza, mwulize meya wa kwanza wa Buffalo alikuwa nani. Ila usimwulize kama una haraka. Atakuambia ni Johnson, daktari, mwaka 1832, na kwamba hakuchaguliwa na wananchi bali na madiwani. Kisha atateremka nao mmoja baada ya mwingine, atapumzika kidogo kwa Cleveland, aliyekikalia kiti kile muda mfupi tu kabla ya kwenda kuwa gavana, kisha rais wa nchi nzima, na hatakuachia mpaka mmefika kwa yule wa juzi. Yote hayo atayasema akiwa ameshika usukani wa gari la kanisa, Bailey Avenue imejaa mashimo na wewe umeshika moyo wako.

Mimi ni Emérence, kabila langu Mushi, wa Bukavu, Kongo. Nimepanda gari hilo miaka mingi kwenda kazini Kenmore, ambako naogesha wazee wa watu. Majina ya mameya nimeyasikia mpaka nikayachukia. Lakini sijawahi kumcheka Sebineza, kwa sababu najua yalikotoka.

Sebineza ni Munyamulenge. Kule kwao, kwenye milima ya juu ya Uvira, Kongo hiyo hiyo, mtu akitaka kukunyima uraia alikuuliza: babu yako alilipa kodi kwa chifu gani? Ukikwama, basi wewe ni mgeni, rudi ulikotoka. Kwa hiyo watoto wao walifundishwa majina ya machifu kabla hawajapewa ndama wa kuchunga. Sebineza aliyajua yote, na bado walimfukuza. Alipofika hapa na kujiandaa kwa mtihani wa uraia, alifanya kile alichofunzwa tangu utotoni: akawameza mameya wa Buffalo. Ofisa alimwuliza mambo ya katiba, akamwuliza rais wa kwanza ni nani, akafunga faili lake. Meya hakuna aliyemgusia. Sebineza akabaki nao kichwani kama mtu aliyepikia wageni, na wageni wakapitia kwa jirani.

Alikuwa na haja moja tu: kumchagua mkubwa wa mahali anapoishi, yeye pamoja na mama yake, kabla mama hajafa. Rais kwake ni mtu wa mbali, wa kwenye televisheni. Meya ndiye chifu. Na mama yake, ambaye sote tunamwita Koko, yaani bibi, alizaliwa kabla ya uhuru wa Kongo lakini hakuwa amepiga kura hata siku moja. Kila mara jina lake halikuwepo, au lilikuwepo likafutwa, au risasi zilitangulia.

Siku walipoapa uraia, nje ya ukumbi palikuwa na meza ya kujiandikisha kupiga kura. Nilikuwa kwenye foleni ile ile, maana tuliapa pamoja. Wazee wa kanisa walioapa nasi hawajui Kiingereza, kwa hiyo Sebineza ndiye aliyekuwa mkalimani. Wakafika penye swali la chama.

"Pale muache," aliwaambia. "Muweke alama penye banasema hauna chama. Chama njo ilituua."

Hakuwa anatania. Kule kwao kadi ya chama ilikuwa hukumu: mwenye kadi ya hawa aliuawa na wale, mwenye kadi ya wale aliuawa na hawa. Mchungaji wetu Rugaba naye akaunga mkono kwa sauti ya mimbarini: "Chama yetu ni Yesu!" Basi wote, kuanzia mchungaji mpaka Koko, wakaandikwa watu wasio na chama, wakatoka pale wanashikana mikono kama walioruka mtego.

Mimi nilitia alama kisanduku cha kwanza. Sikusoma hata neno. Nilikuwa na zamu mchana ule na miguu ilikuwa inaniuma. Kumbe kilikuwa kisanduku cha Wademokrati.

Sasa, kuna jambo ambalo kila aliyezaliwa Buffalo analijua, na ambalo sisi hatukulijua. Tangu miaka ya sitini kila meya wa mji huu ametoka chama hicho kimoja. Kwa hiyo meya huchaguliwa Juni, chama kinapomteua mtu wake, na Novemba watu kwa kawaida huenda kuthibitisha tu. Na hiyo Juni, kwa sheria ya New York, jimbo letu, asiye wa chama haingii. Sebineza alijua majina ya wote waliowahi kukaa ndani ya nyumba. Mlango wa kuingilia hakuujua.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, mmoja wa waliotaka umeya, Bwana Delling, alikuja kanisani kwetu. Alikaa ibada nzima bila kutazama simu, na hilo peke yake liliwamaliza wazee. Baada ya ibada Koko alimpa maziwa, akayanywa mpaka tone la mwisho. Kwa Banyamulenge hiyo si chai ya mgeni. Aliyekunywa maziwa yako amekuwa wako. Hawezi kukugeuka, nawe huwezi kumgeuka. Nilitaka kuwaambia kwamba mgombea anayetafuta kura hunywa chochote anachopewa. Nikafunga mdomo, maana uso wa Koko ulikuwa unang'aa.

Juni ikafika. Sebineza alivaa suti. Koko alivaa mshanana, vazi lao la sherehe, aliouvaa kwenye harusi ya mjukuu. Gari lilijaa wazee wanaonukia mafuta ya kujipaka, wanaimba mapambio kama watu wanaokwenda kubatizwa. Sebineza alikuwa amewapigia simu ndugu zake wa Louisville na Columbus asubuhi na mapema kuwaambia kwamba leo tunamweka chifu wetu. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa gari, nikashuka wa kwanza, nikafika mezani wa kwanza. Nikapewa karatasi yangu, nikapiga kura, nikageuka. Nikawakuta wote wamesimamishwa pembeni.

Mama aliyesimamia meza, mwenyeji wa mtaa huu huu wetu, hakuwa mtu mbaya. Alimweleza Sebineza polepole: "Ninyi ni wapiga kura halali kabisa, karibuni Novemba. Leo Wademokrati wanamchagua mtu wao, na ninyi hamna chama."

"Mimi ni raia," Sebineza akasema, akatoa pasipoti.

"Najua, baba."

Hapo, Mungu anisaidie, Sebineza akaanza. Johnson, 1832. Akataja wa pili. Akataja wa tatu. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama alivyofunzwa kusimama mbele ya mtu mwenye mhuri. Yule mama alisikiliza kidogo, akamgusa mkono. "Vizuri sana, baba yangu. Lakini kuna watu nyuma yako."

Tukatoka nje. Koko akauliza, "Juu ya nini Emérence alipita?"

Mzee mmoja akasema chini chini, "Ye ni Mushi. Yeye banamutambula."

Nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini maneno yale yaliniuma kuliko matusi yote, kwa sababu yalisemwa bila chuki. Yalisemwa kama mtu anayesema mvua inanyesha. Kule kwetu, watu wa kabila langu walikuwa miongoni mwa waliowaambia hawa warudi kwao. Na hapa, mbele ya macho yao, mimi nimepita na wao wamebaki nje! Ndani ya gari nilipiga kelele: ni kisanduku tu, jamani, ni kisanduku cha chama! Walinitikisia vichwa kwa heshima. Hawakuniamini. Sebineza peke yake alikuwa ameshaelewa kwamba aliyewafungia nje ni ulimi wake mwenyewe.

Bwana Delling akashindwa. Nikadhani mambo yameisha, tumlilie tusahau. Lakini wiki chache baadaye Sebineza alinipitia kwenda kazini, macho yamemtoka.

"Maman Emérence, Juni haiko mwisho! Mwaka wa sabini na saba, ule Griffin alianguka kwa chama, na Novemba akashinda. Na tena, miaka ine imepita, ule mwenye alianguka Juni, batu baliandika jina yake na mukono, akashinda. Unaweza kuandika jina! Iko nafasi chini ya karatasi!"

Ilikuwa kweli. Kwa mara ya kwanza mameya wake walimfaa. Na hapo ndipo waliponiudhi zaidi, kwa sababu tumaini lililotoka katika ukweli halizuiliki.

Majira yote ya joto wazee walijifunza kuandika jina la Delling. Koko hakuwahi kuingia darasani. Hadassa, binti wa Sebineza, alimshika mkono jikoni, akamwandikisha D na E juu ya unga uliotandazwa kwenye sinia, kisha kwa kalamu. Hadassa alimwelekeza kwa Kiingereza, bibi akajibu kwa Kinyamulenge, na bado walielewana. Kufikia Septemba Koko aliweza kuliandika jina lote bila msaada, herufi zimeinama kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Jina lake mwenyewe hakuwa amejifunza. Alisema hilo litasubiri.

Oktoba, tukiwa njiani kwenda Kenmore, Sebineza alipiga simu ofisi ya Delling kumpa habari njema. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia kila neno. Kijana mmoja mwenye adabu alimshukuru, akasema Bwana Delling amekwisha kupeana mkono na mshindi na anamuunga mkono. Ametangaza hadharani: anawaomba watu wote wasiandike jina lake.

"Lakini alikunywa maziwa," Sebineza akasema.

"Samahani?" kijana akauliza.

Sebineza akakata simu. Taa ikawa kijani, magari yakapiga honi nyuma yetu, naye hakuondoka.

"Usibaambie," akaniambia hatimaye.

"Sebineza, ni batu bazima bale. Ubaambie. Bachague mwingine, ama bakae nyumbani."

"Balikataliwa Juni. Nitabaambia tena, hata yeye mwenyewe habatake? Mama iko na miaka ngapi? Aache aandike. Bon, aandike tu mara moja, afurahi."

"Ni kumudanganya."

"Ni kumuhurumia."

Nilikasirika, nikashuka nikafunga mlango kwa nguvu. Lakini sikumwambia mtu. Nilijiambia mama ni wake, siri ni yake.

Novemba wazee walikwenda tena, mapambio yale yale. Safari hii walipewa karatasi wote. Koko alikaa kwenye kile kibanda muda mrefu mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Alipotoka alikuwa ameshika kalamu bado, ilibidi wamnyang'anye. Mlangoni alisimama, akainua mikono miwili juu, akaanza kucheza taratibu kama wanavyocheza kwao, mikono mirefu kama pembe za ng'ombe, na wenzake wakampigia makofi katikati ya maegesho ya magari. Sebineza alimtazama huku analia. Watu walidhani ni furaha. Mimi niligeukia pembeni.

Koko alitaka kujua mtu wao amepata kura ngapi. Kila siku aliuliza, na kila siku Sebineza alisema bado wanahesabu. Jumamosi alimwomba Hadassa amtafutie kwenye simu. Mtoto hakuambiwa kwamba kuna la kuficha. Alitafuta, akasoma, akamweleza bibi yake kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba kura za majina ya kuandikwa zimewekwa pamoja, hazina jina. Na kwamba Delling mwenyewe alisema tangu mwezi uliopita, msiniandike. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba babake anajua, alimsikia akimweleza mkewe.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa chini, kwenye ukumbi wa kulia, tunakula sombe ya majani ya muhogo na ugali. Sebineza alimletea mama yake sahani. Koko hakuipokea. Alizungumza kwa Kiswahili, si kwa lugha yao, nadhani ili na mimi nisikie.

"Kule Uvira balitukatala mbele ya macho. Balisema, hatubataki, muende. Tulijua, tukaenda. Weye, mutoto wangu, ulijua huyu mutu hatutake. Ukanivalisha. Ukanibeba na gari. Ukanishika mukono mpaka pa mulango."

"Mama, sikutaka uumie mara ya pili."

"Nilingojea ile kura tangu nikiwa musichana. Ilikuwa ya mimi. Na weye ukaifanya bonbon ya kunyamazisha mutoto."

Mchungaji Rugaba alianza kusema neno kuhusu msamaha, Koko akamtazama, mchungaji akaliacha njiani.

Tangu siku hiyo Koko haji kanisani kwa gari analoendesha mwanawe. Ibada ikiisha husimama nje kwenye theluji, amejifunga mablanketi, akimngojea mtu mwingine wa kumrudisha. Anaishi nyumba moja na Sebineza, anakula chakula cha Sebineza, lakini kwenye gari lile hapandi. Na Sebineza hataji tena mameya. Barabara ya Kenmore imekuwa ndefu kwa ukimya. Sikujua kwamba ningewakosa akina Johnson.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia, bado kuna njia. Wabadilishe chama sasa, yeye na wazee wote, ni karatasi moja tu, nitawasaidia mwenyewe kuijaza. Uchaguzi wa meya unaokuja wataingia Juni kama mimi, kwa mlango wa mbele.

Akauliza, "Unaokuja ni lini?"

"Miaka ine."

"Na Koko," akasema, "atakuwa na miaka ngapi?"

Tulifika Kenmore. Nilifungua mlango, nikashuka, nikaenda kuogesha wazee wa watu.