Bawabu Aandika Filamu

Kwa miaka kumi na miwili mwigizaji mmoja aliitwa kwenye filamu kwa kazi moja tu: kufungua geti. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti nzito, kwa hiyo kila mwongozaji alimvika sare ya ulinzi. Hata mtaani wakamzoea kwa jina la Bawabu.

Siku moja, akisubiri zamu yake nyuma ya kamera, alianza kuandika kwenye daftari kisa cha mlinzi mwenye aibu anayejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini. Kila ukurasa alimsomea mkewe, mshonaji wa mavazi ya waigizaji, naye hakumwonea haya.

"Baba watoto, mtu mwenye aibu hasemi maneno yote haya. Punguza."

Akapunguza huku akinung'unika.

Alipomaliza kuandika, alimpelekea mwongozaji mmoja mswada, naye akausoma na kumpigia simu siku ileile. "Nimeupenda. Na huyo mlinzi utamwigiza wewe."

Siku ya kupiga picha, Bawabu alisimama mbele ya kamera na maneno yote yakamtoka kichwani, maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe! Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Mkewe, aliyekuwa kando akishona kifungo, akamtajia sentensi nzima bila kuinua macho.

Filamu ile ilipendwa. Sasa ameshaandika nne, na katika kila moja anaigiza. Asubuhi hukaa na mkewe mezani wakibishania neno moja mpaka chai inapoa, wala hatamani kazi nyingine.